Maji Safi ya Kitavi

Mavi hayanichukizi. Nasema hili mapema ili tusisumbuane. Nimefanya kazi nayo miaka kumi na moja: nimeyachota, nimeyapima, nimeyatazama chini ya darubini, na siku moja nikiwa na haraka niliwahi kula mandazi kwa mkono ule ule. Mavi ni mavi, hayajidai kuwa kitu kingine. Wanaonitia kichefuchefu ni watu, na kisa hiki ni cha watu, ingawa lazima tupitie kwenye tangi kwanza.

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mwenyekiti wa Mtende Court, mtaa wa nyumba thelathini na mbili kule Lavington, zote nyuma ya ukuta mmoja mrefu. Anaitwa Mama Ndanu. Hakunisalimia.

"Lornah, hii kitu yenu inanuka. Kuja leo."

"Inanuka aje, madam?"

"Inanuka mavi! Unataka nikuimbie? Jumamosi niko na harusi ya mtoto hapa kwa garden. Na huyo Kitavi anaenda home leo leo. Committee inakaa saa kumi. Wewe uandike ni makosa yake, tumalizane."

Kitavi ndiye mtunzaji wa mtambo wao wa maji taka, uliowekwa na kampuni iliyoniajiri; ni mzee wa miaka hamsini na minane kutoka Kitui. Anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya pampu, kwa hivyo akipoteza kazi anapoteza na paa. Kazi hiyo nilimfunza mimi mwenyewe, na sijaona mtu mwangalifu kama yeye. Nilipokata simu nilishajua naenda kumtetea, hata kabla sijajua alikuwa amefanya nini.

Nilishuka Adams Arcade nikachukua bodaboda. Tulipokunja kuingia kile kichochoro chenye mijakaranda, mwenye boda alisimama ghafla.

"Madam, hapa ndio mwisho. Hiyo harufu sitaki iingie kwa jacket."

Nikatembea. Tangi lililo hai hunukia udongo uliopata mvua, na watu hawaamini nikiwaambia. Huu wa siku ile ulikuwa uvundo wa mayai viza, na chini yake kitu kitamu kitamu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria yenye mfuniko. Ulinikaa kooni. Mlinzi wa lango alikuwa amejifunga skafu puani. Yaya mmoja alinipita mbio akimziba mtoto uso kwa kiganja. Na katikati ya bustani, vijana wa kukodi walikuwa wakisimamisha hema jeupe la harusi, wakitema mate kila mara.

Wacha nieleze mtambo kidogo, maana bila hivyo hutaona aibu iko wapi. Uchafu wote wa nyumba hizo huingia katika tangi moja chini ya ardhi, nyuma ya ua wa maua. Humo wanaishi vijidudu mabilioni. Wako wanaopenda hewa na wasioitaka. Wanaoipenda hula uchafu na kuacha maji yanayofaa kumwagilia nyasi. Wasioitaka ndio wanaonuka. Pampu hupuliza hewa, na kijiti kimoja cheusi, urefu wa kalamu mbili, ndiyo sensa yenyewe, hukaa ndani ya tope kikihisi oksijeni imebaki kiasi gani. Hewa ikipungua, kijiti hukiarifu kisanduku cha umeme ukutani, na kisanduku huiamuru pampu iongeze. Hewa ikizidi, kisanduku huipunguza. Siku nzima wanajibizana hivyo, kijiti na kisanduku na pampu, ili wale wanaonuka wasishike usukani. Tunataka kijiti kisome mbili, yaani miligramu mbili za oksijeni kwa kila lita. Kikisoma mbili, kikipanda kidogo na kushuka kidogo watu wanapooga na kupika, basi mambo ni shwari.

Nilimkuta Kitavi amesimama kando ya mfuniko wa tangi, ovaroli yake imepigwa pasi, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, madam. Pole kwa harufu. Sijui imetoka wapi, maana sensa iko sawa kabisa."

Tulifunua mfuniko pamoja. Tope ambalo lilipaswa kuwa rangi ya chai ya maziwa lilikuwa jeusi kama oili chafu, linatoa mapovu mazito, moja baada ya jingine, taratibu. Juu yake kulielea utando wa mafuta ya kupikia ulioshikana na nywele, pamba na yale makaratasi ya kupangusa watoto ambayo kila mkazi wa mtaa ule huapa hayatupi chooni. Utando ulikuwa unatembea. Nikainama kuangalia, nikaona ni funza. Basi mimi, Lornah wa mandazi, nikageuka nikatapika juu ya mawaridi ya watu.

Kitavi alinishika bega kwa heshima, akanipa maji ya kusukutua mdomo.

Nilipoweza kusimama nilisikiliza pampu. Ilitakiwa kunguruma, kwa jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Ilikuwa inavuma chini chini, hata sauti ya vijana wa hema ilikuwa inaishinda. Nikaenda kwenye kisanduku. Kioo kilisema saba nukta moja.

Saba! Maji ya kijito cha mlimani ndiyo husoma saba. Lile jeneza lilitakiwa kusoma sifuri. Nikarudisha kumbukumbu za kisanduku nyuma, siku kwa siku. Siku ishirini na tatu, saba nukta moja, saba nukta moja, mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Vijidudu wa nyumba thelathini na mbili hawawezi kuchora mstari wa namna hiyo hata wakilipwa.

Nikaufuata waya wa kijiti kwa mkono. Ulitoka kwenye kisanduku, ukakaribia tangi, kisha badala ya kuzama ukapinda ukaingia chini ya kreti ya soda iliyogeuzwa. Nikaiinua kreti. Chini yake palikuwa na jagi la plastiki la buluu, limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile vya kuwekwa juu ya makochi. Ndani ya jagi, katika maji maangavu, kijiti changu kilikuwa kimetulia, kinang'aa kama kijiko cha wageni.

"Mzee Kitavi," nikasema. "Hii ni nini?"

"Ni sensa, madam."

"Naona ni sensa. Inafanya nini kwa jagi?"

"Ikae safi." Alisema kwa fahari kidogo. "Maji nabadilisha kila asubuhi. Ni ya kunywa, ya dispensa, si ya mfereji. Na hicho kitambaa ni cha vumbi."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikakaa juu ya ile kreti.

"Nani alikwambia uitoe kwa tangi?"

Alitazama hema. Alitazama kofia yake. Ndipo akaeleza, polepole, kama mtu anayeungama kanisani.

"Ile siku ya mbuzi za ntheo za Ndanu, yule binti ya Mama. Upande wa kijana walileta mbuzi, zikafungwa pale kwa parking, wazee wakaketi hapa kwa nyasi waongee. Unajua kwetu bila mbuzi za ntheo huyo msichana hajaolewa, hata aende kanisa mara kumi. Sasa wazee wanaongea, na pampu nayo inapiga kelele. Mama akakuja mbio. Kitavi, nyamazisha hii kitu! Nikamwambia siwezi zima, Madam Lornah alisema nikizima wadudu watakufa. Akasema, sijakwambia uzime, nimekwambia inyamaze."

"Ukafanya?"

"Nikakumbuka vile ulinifunza. Ulisema nikitaka kujua kama sensa ni nzima, niiweke kwa maji safi mpaka isome saba. Na kila nikiiweka, pampu inatulia yenyewe. Nikaona hiyo ni poa. Sijazima, na imenyamaza."

"Ya siku moja."

"Ya siku moja tu, madam. Haki. Lakini kesho yake niliandikwa."

Akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha. Lilikuwa lile kundi la WhatsApp la mtaa, ambalo hata mimi nimo. Mama Ndanu alikuwa ameandika: *Asante sana Kitavi kwa utulivu. Finally tunaweza kukaa garden.* Chini yake vidole gumba ishirini na sita.

"Miaka tisa niko hapa," Kitavi akasema. "Nimeandikwa ati maji imekatika, nimeandikwa ati geti imefunguliwa late. Kwa uzuri sijawahi andikwa. Siku hiyo ndio ya kwanza. Kila mtu anapita ananiambia, Kitavi, umetuweza! Sasa ningeirudisha aje?" Akanisogezea simu. "Na hata wewe ulikubali, madam."

Nikashusha ukurasa. Ni kweli. Kila Ijumaa mtambo wenyewe hutuma mchoro wa wiki kwenye kundi, na kazi yangu ni kuukagua na kuthibitisha. Ijumaa ya kwanza, mstari umenyooka kwenye saba, na chini yake: *Sawa kabisa*, na kidole gumba. Jina langu. Ijumaa ya pili, kidole. Ya tatu, kidole. Hiyo ya tatu nilikumbuka vizuri nilikuwa wapi. Nilikuwa Kenyatta Market kwa msusi, wanawake wawili wananivuta kichwa huku na huku, harufu ya nyama choma imejaa mlangoni. Simu ikalia, nikabonyeza bila hata kuukuza mchoro. Ungeukuza kwa vidole viwili ungeona. Mtoto wa darasa la sita angeona.

Na kengele je? Niliiweka, ndiyo. Niliiweka ilie hewa ikipungua. Ya hewa ikizidi sikuiweka, kwa sababu nani aliwahi kulalamika kwamba hewa imezidi? Basi kwa siku ishirini na tatu wale vijidudu walikuwa wananyongwa taratibu, na kila aliyetakiwa kupiga kelele alikuwa ameweka kidole gumba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtende Court waliumbuliwa na upepo.

Nilijichukia. Sitaki kulipamba. Ule uvundo ulikuwa na jina langu chini yake, limethibitishwa mara tatu.

Saa kumi kamati ilikaa barazani kwa Mama Ndanu. Kabla sijakaa, msichana wa kazi alitandika gazeti juu ya kiti changu. Watu saba walikuwa pale, na mezani samosa, na mishumaa minne ya manukato imewashwa mchana mweupe. Vanila juu ya mayai viza. Mtu mmoja aliuma samosa na nikaona mafuta yakimtiririka kidevuni, nikageuza uso haraka. Kitavi alisimama chini ya ngazi, hakuna aliyemwambia apande.

"Haya, Lornah," Mama Ndanu akasema. Ni mwanamke mnene mzuri, anayevaa lulu hata Jumatatu. "Tuambie huyu mzee ametuharibia nini."

Nikawaambia. Niliwaeleza kijiti, jagi, na pampu iliyonyamazishwa siku ya mbuzi. Kisha nikausoma ule ujumbe kwa sauti, na kabla hawajapumua nikasoma na vidole vyangu vitatu, tarehe kwa tarehe.

"Kwa hivyo unasema ni chair?" akauliza Jamleck, wakili mstaafu wa nyumba namba nne.

"Nasema ni chair, na Mzee Kitavi, na mimi. Mimi zaidi, kwa sababu ndiye nilitakiwa kuangalia."

Nilidhani pangelipuka. Mama Ndanu hakupepesa hata jicho. Alichukua tishu, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Mimi nilisema itulie. Sikusema iwekwe kwa jagi. Na wewe dada yangu, umesaini kila Friday. Nikipigia boss wako simu saa hii, mnaenda na Kitavi leo jioni, mmeshikana mikono. Ndio unataka?"

Nilimtazama Kitavi. Alikuwa anatazama chumba chake, ule upande wa nyumba ya pampu, suruali yake nyingine imeanikwa kwenye ua.

"Wacha tusiharibiane majina," Jamleck akasema kwa sauti ya upole, ile ya mahakamani. "Kuna harusi. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Hii sensa si ilisema kuna hewa, na kumbe hakuna?"

"Ilisema kuna hewa ndani ya jagi," nikasema. "Na ilikuwepo."

"Lakini kwa tangi hakuna."

"Haikuwa kwa tangi!"

"Basi ilisoma vibaya. Sensor failure. Mashine ni mashine, zinaharibika. Andika hivyo, uweke mpya, Kitavi arudi kazini, na wewe urudi ofisini."

Ungewaona walivyofurahi! Mmoja akacheka, mwingine akanyoosha mkono kuchukua samosa, migongo ikaegemea viti. Watu wazima saba wamepata mkosaji asiye na mdomo.

"Na wewe Kitavi unasemaje?" Mama Ndanu akauliza.

Kitavi alivuta pumzi. "Ilikuwa mbovu, Mama. Hata mimi niliona inasumbua."

"Mnaona? Kitavi ni mtu wa haki."

Na nikaona uso wa yule mzee ukichangamka, kweli kabisa, kama siku aliyoandikwa kwenye kundi. Hilo lilinichukiza kuliko funza wa tangini. Nilitaka kumkemea. Ningemkemea nikamwambia nini? Kwamba atetee kijiti, alale barabarani?

Nikasema nitaandika, lakini kwa sharti moja. Kuanzia leo pampu ifanye kazi kwa nguvu zote mpaka vijidudu wapone, na hizo ni wiki sita. Harufu ingepungua kufikia Alhamisi. Kelele ingebaki.

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi, madam. Wadudu hawajui harusi."

"Tutaona," akasema Mama Ndanu, akanisogezea kalamu.

Niliandika: *Kihisi cha oksijeni kilikuwa na hitilafu. Kimeondolewa.* Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa na mafuta ya samosa, na mkono ulinata, na nimenawa mara nyingi tangu siku hiyo lakini bado nauhisi.

Nilirudi kwenye mtambo nikatoa kijiti kipya begini. Kabla ya kukitupa kile cha zamani nilitaka kujua. Nikakipangusa, nikakiweka kwenye jagi. Saba. Nikakishusha katika lile tope jeusi. Nambari zikaanguka, tano, tatu, moja, hadi sifuri, bila kusita. Hakikuwa kimekosea hata mara moja. Katika Mtende Court nzima, ndicho pekee kilichosema kila siku kile hasa kilichowekwa mbele yake, na ndicho nilichokiandika kuwa mbovu.

Nikafunga kile kipya ndani ya tangi kwa nati mbili. Kisanduku kiliona sifuri, pampu ikaamka ikanguruma mpaka vijana wa hema wakaziba masikio. Nikamimina madumu manne ya tope hai nililotumiwa na wenzangu kutoka mtambo mwingine, la rangi ya chai, lenye harufu ya mvua. Kisha nikaweka kengele niliyopaswa kuiweka tangu mwanzo: hewa ikizidi tatu, simu yangu inalia.

Simu ililia hapo hapo, lakini lilikuwa kundi. *Sensor mbovu imetolewa. Asante kwa uvumilivu.* Vidole gumba vilikuwa vinapanda nikivitazama, kumi, kumi na tisa, ishirini na nane. Nikaifunga.

Kitavi alinibebea begi hadi langoni. Alinishukuru mara tatu, akaniombea baraka kwa Mungu, akasema sitasahaulika nyumbani kwake. Kisha akapunguza mwendo.

"Madam. Hii mpya nayo, ukiiweka kwa maji safi, bado inasoma saba?"

Nilimtazama. Nyuma yake hema lilikuwa limesimama lote, jeupe, na Mama Ndanu ametoka barazani, mkono mmoja umeziba sikio, anaangalia upande wa pampu.

"Zote husoma saba, Mzee," nikasema. "Lakini ukiitoa, simu yangu italia. Popote nilipo nitajua."

Akaitikia kwa kichwa, akafikiri, kama anavyofikiri kila ninapomfunza jambo jipya.

"Na ikilia, madam, utafanya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Boda ilikuwa imefika. Nikachukua begi langu, nikapanda.